Kura ya Kufumba Macho

Nafundisha hesabu shule ya msingi huku Marambo, kwa hiyo kijiji kikitaka kitu kihesabiwe huniita mimi. Hata siku ya mkutano wa uraka niliitwa.

Uraka ni pombe ya mabibo. Msimu wa korosho mabibo huzagaa chini ya mikorosho mpaka yanaoza. Mama yangu mdogo alikuwa akiyaokota, anayakamua, anayachachusha kwenye ndoo na kuuza uani kwake. Alipofiwa na mumewe, wajomba zake walimtaka arudi kwao Chiola akae mikononi mwao. Alikataa, na uraka ndio uliompa ubavu wa kukataa.

Waliotaka uraka upigwe marufuku kijijini nao hawakuwa wajinga. Wanaume walikuwa wanalewa tangu saa nne asubuhi, korosho zinaoza chini, kazi yote inawaangukia wake zao. Ukiwasikiliza, unawaelewa.

Mama mdogo alisimama mara moja tu. "Mabibo yangu, ndoo zangu, uani kwangu," alisema. "Leo mnalipigia kura jiko langu, kesho mtakipigia kura kitanda changu."

Watu walicheka sana. Nikadhani wako upande wake.

Mwenyekiti wetu ana utaratibu wake, na mpaka leo nauona wa maana. Hapa kila mtu ni shemeji au mjomba wa mtu. Ukimnyoshea mwenzako mkono wa kumpinga hadharani, ugomvi utawafuata hadi msibani. Basi kura tunapiga tumeinama na kufumba macho, mwenyekiti akiwemo. Anayebaki kuona ni mhesabuji peke yake.

Wanaotaka marufuku: mikono arobaini na miwili. Niliona ya wateja watatu wa mama mdogo, mmoja alikuwa amekunywa kwake asubuhi ileile. Niliona na wa mama yangu mzazi, dada yake wa tumbo moja. Wasiotaka: arobaini na mmoja. Nilirudia kuhesabu, ikawa vilevile, nikatangaza.

"Kura zingefungana tungeliacha jambo kama lilivyo," mwenyekiti alisema. "Lakini wengi wape."

Watu wakafumbua macho, wakapanga foleni kumpa pole mama mdogo. Wale wateja wake walikuwa mbele. Nilichukia.

Hakwenda Chiola. Alipanga chumba Ruangwa mjini, sasa anauza chai na chapati karibu na stendi ya mabasi. Mwaka jana nilimpitia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Alinimiminia chai, akasubiri ninywe kidogo. "Wewe ulituona wote siku ile," akasema. "Nani na nani walinikataa?"

Nilimwambia siwezi kusema. Watu wakijua mhesabuji ana mdomo, hakuna atakayepiga kura anavyotaka yeye, watapiga wanavyotakiwa. Alifikiri, akakubali kwamba hiyo ni haki.

"Basi niambie mkono wako tu. Wako ni wako, hakuna anayekukataza. Uliunyosha upande gani?"

Hakuna sheria inayomnyima mhesabuji kura. Sikuwa nimeuliza, na hakuna aliyeniuliza.

"Sikuunyosha, mama. Nilikuwa nahesabu."

Midomo yake ilicheza kidogo, anajumlisha. Kisha akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai nusu, akaimwaga, akaanza kukisuuza.