Bi Saumu na Skrini ya Mzee Shomari

Ipo asubuhi moja pale Kilindoni, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, nimepewa kazi ya kumsaidia Bi Saumu, fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Kirongwe. Mama mrefu, mtaratibu wa maneno, buibui lake likinukia udi. Ufundi wangu mwingi nimeuchota kwake, na si wote uliokuwa wa kompyuta.

Tuliitwa kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa mwani. Makao yao makuu yalitaka kompyuta zote ziingizwe kwenye domeni, yaani mtandao mmoja wenye seva inayowatambua wafanyakazi wote. Kuingiza mashine si kazi kubwa. Unaandika jina la domeni, unaizima, unaiwasha, basi. Lakini mtu akiingia kwa jina lake jipya, kompyuta humwona mgeni. Humfungulia profaili mpya, yaani chumba chake ndani ya mashine, kikiwa kitupu. Mafaili aliyoyazoea hayaoni, mipangilio yake haipo. Vyake vyote vimo bado katika profaili ya zamani, ila havimfikii. Fundi mwenye haraka husema, "Mtazoea," akaenda zake.

Meneja, mtu mwema aliyebanwa na wakubwa wake, alitaka kazi iishe siku ile ile. Bi Saumu akaomba kwanza azungumze na kila mfanyakazi.

"Uzungumze nao nini?" meneja akauliza. "Si mashine tu hizi?"

"Mashine ni za ofisi, bosi. Walivyozipanga ni vyao. Nataka nijue nisichotakiwa kukivuruga."

Tukapita meza hadi meza, mwisho tukafika kwa Mzee Shomari, karani mkongwe aliyekaa pembeni, uso ukutani. Yeye ndiye aliyewaandikia wanunuzi wa mwani, na ndiye aliyewajulisha akina mama wa Bwejuu bei zikibadilika.

"Shikamoo, mzee," Bi Saumu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yangu mimi iacheni tu. Sina mengi humo."

Skrini yake ilikuwa nyeusi, herufi za manjano, kila moja kubwa kama kidole gumba. Masikioni alikuwa na vipokea sauti, na kompyuta ikimsomea maneno. Mimi nilidhani ni mazoea ya wazee. Bi Saumu akavuta kiti, akakaa, akapunguza sauti.

"Macho, mzee?"

Mzee akatazama mlango wa meneja. "Yanapungua," akasema. "Aliyenipangia hivi ni mwanangu, alipokuja likizo. Mambo haya yakiondoka, hata pa kuanzia kuyarudisha sitapaona. Wataniambia nikapumzike. Nami kazi bado naiweza."

"Unaiweza, tena sana," Bi Saumu akamjibu. "Hayataondoka."

Siri ya mzee hakumwambia mtu. Alimwendea meneja akaomba muda mpaka kesho yake, akaeleza kwamba profaili za watu zinataka uangalifu. Meneja akaguna, akakubali.

Laiti ungemwona kazini, mwanangu! Alinakili profaili ya kila mtu kwenye diski ya nje, kisha akafungua mafaili kuhakikisha nakala ni nzima. Akahakikisha tuna akaunti ya msimamizi ya kila mashine, ili domeni ikigoma tusifungiwe nje. Ndipo akaziingiza moja moja, na kwa programu maalumu akaifungamanisha profaili ya zamani na jina jipya la mtu yule yule. Hakufuta kitu. Alianza na mashine ya akiba iliyokuwa haina mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini.

"Nikikosea," akasema, "nisimkosee mtu."

Asubuhi meneja akataka wafanyakazi waingie mbele yake. Zamu ya Mzee Shomari ikafika. Akaandika jina jipya, akaandika neno la siri. Skrini ikakawia. Kisha ukaja weusi ule ule, na herufi zile zile za manjano. Mzee akavaa vipokea sauti vyake, akafungua barua ya mnunuzi, akaanza kuijibu.

"Mbona kwako hakuna kilichobadilika?" meneja akamtania.

"Hakuna, bosi," mzee akasema. "Alhamdulillahi, hakuna."

Bi Saumu alikuwa ameshaanza kukunja nyaya. Hakungoja kushukuriwa. Baadaye mzee mwenyewe alipata moyo wa kumweleza meneja habari ya macho yake, akanunuliwa skrini kubwa zaidi, na akaitumikia ofisi ile mpaka alipostaafu kwa heshima.

Basi nawe, mwanangu, unayeshika kazi hii sasa, nakuusia. Kabla hujagusa kompyuta ya mtu, keti naye akuonyeshe anavyoitumia. Nakili kwanza, kisha hakikisha ulichonakili kinafunguka. Usimwambie mtu atazoea, kwa kuwa hujui amehangaika vipi kufika hapo alipo. Na ukiona udhaifu wa mtu katika kazi yako, uhifadhi kama unavyohifadhi mafaili yake.

Mwenyezi Mungu akupe mkono makini na moyo wa huruma, na kila ofisi utakayotoka uwaache watu wakiendelea na kazi zao kwa raha. Amin.