Jicho la Korongo

Girdhari Lal alikuwa fundi wa kuchora ndege, mzaliwa wa Patna, na mimi, Budhan, ndiye niliyewalisha ndege hao katika vizimba vya Hakimu Mwingereza pale Kalkuta. Nilimpenda kama ndugu. Siku ile nilitamani kumvunja vidole.

Chanzo ni korongo mmoja mwenye kichwa chekundu. Korongo hawa wakishaoana hawaachani, hata mtoto kwetu anajua, na tangu huyu akamatwe mwenzake alikuwa akilia ng'ambo ya ukuta, kwenye mashamba ya mpunga. Hakimu alishatoa amri: picha ikiisha, ndege auawe, ajazwe pamba, apelekwe Ulaya.

Sasa, mafundi wa Patna huchora jicho mwisho. Bila jicho picha haijaisha, na Hakimu alikubali kuiheshimu desturi hiyo. Basi tukala njama. Girdhari akawa anavuta muda: leo mwanga mbaya, kesho siku si njema, anagusagusa manyoya yaliyokwisha kukamilika. Hakimu alizidi kuvimba kwa hasira, lakini mwenyewe alikuwa anasafiri kwa meli ya Ijumaa. Akishaondoka, ufunguo wa kizimba ninao mimi.

Alhamisi asubuhi mawingu yakafunguka. Korongo akageuza kichwa kumsikiliza mwenzake, jua likampiga jichoni. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi, jicho lilikuwa kwenye karatasi, jekundu, bichi, linanitazama.

"Umefanya nini, kaka?"

"Sijui. Mkono umekwenda wenyewe."

Viatu vya Hakimu vikasikika barazani. Nikamnong'oneza Girdhari, "Pitisha kidole. Tutasema maji yamemwagika."

Akainua kidole gumba, akakisogeza hadi juu ya karatasi. Alilitazama lile jicho jinsi baba anavyomtazama mtoto aliyezaliwa jana.

"Budhan, sijawahi kuchora jicho kama hili."

"Na mwenye nalo hutamwona tena. Futa, mwanaharamu wewe."

Hakufuta. Hakimu akaingia, akainama juu ya picha, akatabasamu. Kisha akanigeukia mimi na kunionyesha kizimba kwa fimbo yake.

Girdhari alichora miaka mingi baada ya hapo, na watu walimsifu. Mimi sikumsemesha tena. Ng'ambo ya ukuta, yule mwenzake aliendelea kuita mpaka mpunga ukavunwa.