Dawa ya Mukwe

Ninyi wa umri wangu, mliokulia Albertville kabla mji haujaitwa Kalemie, bila shaka mnakumbuka moshi wa jikoni kwa Bibi Nyange. Ulinuka samaki mukavu na majani ya kila aina, maana dawa zake zote zilining'inia juu ya mafiga, zimefungwa kwa kamba za mugomba. Na hazikuning'inia ovyo. Upande wa mlango njo dawa za watoto. Katikati za homa na tumbo. Upande wa ukuta, mbali na macho ya wanaume, njo za mama aliyejifungua: za kukaza mgongo na za kuleta maziwa.

Sisi wajukuu alitufundisha kwa ulimi. Anakufunga macho kwa kitenge, anakuwekea jani mdomoni, useme ni la upande gani. Uchungu wa ncha ya ulimi, homa. Uchungu unaoshuka kooni, minyoo. Aliyekosea alirambishwa mululuza, jani chungu kuliko yote, na kaka yangu Kabwe alikosea sana mpaka akaizoea kama sukari.

Basi dada yetu Feza akachumbiwa na kijana wa Moba. Siku ya baba wa kijana, Papa Kilumba, kuja kwa bato, meli ya ziwani, kutoa neno la mwisho, Mama alituonya: "Huyu muntu akirudi na uso wa kukunja, Feza atazeekea hapa." Feza mwenyewe hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Sasa Tantini Mauwa, mdogo wa Mama, alikuwa amesoma foya, kule wanawake walikofundishwa kupanga nyumba. Bibi alipoteremka ziwani kununua samaki, Tantini akafungua dawa zote akazipanga upya: majani marefu na marefu wenzao, mafupi na mafupi, kila fungu na ribani yake. Bibi akarudi, akatazama juu, akakaa chini.

"Mauwa," akasema, "nani amekufa, mbona umepamba hivi?"

Kabla Tantini hajajibu, Papa Kilumba akaingia. Ziwa lilikuwa limemtikisa vibaya. Alikaa ameshika tumbo, rangi imemtoka. Na kwetu mukwe haulizwi habari za tumbo lake, wala yeye hakatai anachopewa. Bibi hangeweza kutuita turambe dawa mbele ya mgeni. Mkono wake ukaenda palepale ulipozoea, katikati, ukachota, ukachemsha. Mgeni akanywa kikombe chote.

Mimi nikaramba kilichobaki kwenye sufuria. Hakikuwa na uchungu hata kidogo. Kilikuwa kitamu, kinateleza nyuma ya ulimi. Nikamnong'oneza Bibi kwamba ile ni kamaziwa, ile ya kuleta maziwa.

Bibi hakugeuka. "Funga kinywa. Muangalie tu kifua."

Tukaketi mbele yake mimi na Kabwe, macho kifuani. Tuliangalia kwa bidii ambayo hatukuwahi kuipeleka shuleni. Papa Kilumba akajitazama, akafunga kifungo cha shati. Akatutazama tena, akafunga na cha juu. Feza nyuma ya mlango alikuwa analia bila sauti.

Kisha mzee akapiga mbweu, akaomba bukari, ugali wetu, akamaliza samaki mpaka kichwa.

"Huyu mutoto njo muke wa mwana wangu," akasema. "Na ile dawa munifungie, niende nayo."

Kuanzia hapo kila bato ya Moba ilileta salamu zake na ombi la majani. Bibi akaongeza upande wa nne juu ya mafiga, akauita dawa ya mukwe, na ribani ya Tantini akaiacha palepale.

Siku hizi mjukuu wangu Neema anaelekezea simu jani la uani kwangu, simu inataja jina refu kuliko la askofu. Sikatai, inajua. Lakini ukimfunga Neema macho, hawezi kutofautisha mululuza na mboga ya lenga-lenga. Nikamwambia aiulize dawa ya mukwe. Ikazunguka, ikazunguka, ikanyamaza.

Feza na Kabwe wametangulia. Kamaziwa yangu bado inaning'inia juu ya mbabula, jiko langu la makaa, na ribani yake. Mukwe akija, namimina kikombe, namuangalia kifua. Neema ananiuliza nacheka nini. Wa kucheka naye alikuwa Kabwe.