Kartoni ya Butembo

Onésime anachonga chukudu pale mtaa wa Mapendo, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na huyo ni fundi haswa, nisikudanganye. Ukiipakia viazi kule juu Kibumba, chukudu yake inakuteremsha mpaka mjini bila kulia hata kidogo. Siri yake, anavyosema mwenyewe, ni grisi. "Mafuta haijawahi kugombana na mutu," anawaambia wateja, huku akipaka ekseli mpaka inang'aa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe gari ya kuchezea, uone.

Gari ilitoka Bruxelles, kule Ulaya. Dada yake Apolline aliituma kwa ajili ya Charline, binti wa Onésime, maana huko aliko bado anafikiri Charline ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Charline ni msichana mkubwa, anasuka nywele na kuchagua viatu. Aliitazama ile gari ya telekomande, matairi yenye meno, amortisa nne ndogo nyekundu za kumeza mishtuko, akasema, "Papa, chukua," akarudi kwenye simu yake. Papa akachukua. Ee ndugu zangu, alichukua kweli kweli!

Kila Jumapili baada ya misa, wenye magari ya aina hiyo wanakutana kushindana upande wa Munigi, juu ya makoro, yale mawe meusi tuliyomwagiwa na volkano. Wanazungusha magari yao, yanaruka, yanapinduka, vumbi linapanda mpaka kwenye kola za mashati ya kanisani. Bingwa ni Florent, mwenye studio ya picha, mtu wa kuchana nywele hata akienda kuteka maji. Onésime yeye hajawahi kumaliza. Sisemi kushinda, nasema kumaliza. Aliweka mota yenye nguvu zaidi, ikang'oa meno ya plastiki ya gia za ndani. Akaweka meno ya chuma, batri ikachoka katikati ya njia. Akaweka batri kubwa, gari ikawa nzito, amortisa zikalala chini. Basi akafungua kalamu za Charline zote, akatoa resori zake, zile springi ndogo, na kuzitia kwenye amortisa. Na kila alipofungua, alipaka grisi. Ukipenda chongo, utaita kengeza: kwake ile gari haikuwa na kosa, ilikuwa na bahati mbaya tu.

Mkewe Clarisse ni mshonaji, na mshonaji ana subira. Alivumilia meza ya kulia iliyojaa visi, skrubu ndogo za ile gari. Alivumilia harufu ya petroli. Lakini siku Charline alipouma visi ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, subira iliisha. Clarisse alileta kartoni tupu, akaiweka mbele ya mume wake. Upande mmoja alikuwa ameshaandika kwa herufi kubwa: BUTEMBO.

"Papa Charline, sikia muzuri. Jumapili hii gari ikisimama njiani, inaingia humu. Mutoto wa dada yangu wa Butembo ataichezea."

"Mama Charline..."

"Nimemaliza."

Onésime alicheka, lakini moyo ulimshuka. Tangu ujana wake amechonga vitu vya kubeba mizigo ya watu: makabichi, makaa, mifuko ya simenti. Hii gari haikubeba kitu cha mtu yeyote. Ilikuwa yake tu, ya furaha tu, na aliipenda. Wiki nzima aliifungua, akaifunga, na juu ya yote akaipaka grisi, safari hii mara mbili.

Jumapili Clarisse alikuja Munigi na kitenge chake cha misa, kartoni kwapani. Habari ilikuwa imeshamtangulia, kwa hiyo watu walikuwa wengi.

Gari iliondoka vizuri, wallahi! Ilipanda mawe, ikaruka, ikaangukia magurudumu. Onésime alikuwa anachezesha mabega pamoja nayo. Halafu ikaanza kukoroma. Ikapunguza mwendo, ikatembea kama mtu aliyeshiba ugali, ikasimama.

Onésime aliifuata mwenyewe juu ya makoro, akaiokota, akamletea mke wake. "Haya," alisema. "Tia."

Clarisse aliipokea, akaigeuza, akachungulia ndani. "Yesu wangu! Hii ni nini? Umepaka sawa siagi kwenye mukate?"

"Ni grisi."

"Nikipaka cherehani yangu hivi, itashona? Vumbi ya makoro inakamata humu, inakuwa tope, inakula meno! Hii si chukudu, Papa Charline. Hii inataka kukauka!"

Florent alikuwa ameshamaliza mizunguko yake, gari yake imo tayari kwenye mfuko. Alisogea akitabasamu. "Mama Clarisse, neno ni neno. Imesimama. Fungua kartoni, nipige picha."

Watu wakacheka. Onésime akatazama viatu vyake. Hapo ndipo Florent alipokosea, maskini, kwa sababu kumcheka Onésime ni kazi ya Clarisse, na hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

"Nani amesema imesimama?" Clarisse aliweka mkono kiunoni. "Inapumuzika. Papa Charline, leta mswaki. Leta na petroli kidogo."

Alitazama chini. Makoro yanakata, na kitenge kilikuwa kipya. Hakufikiri mara mbili: aliipasua ile kartoni pembe zote, akaitandika, akapiga magoti juu yake. Onésime akifungua, yeye akisugua, jino kwa jino, mpaka chuma kikaonekana. Akapangusa kwa ncha ya kilemba.

Gari ilizunguka peke yake mizunguko yote iliyobaki, wengine wameshavaa makoti ya kurudi nyumbani. Ilikuwa ya mwisho kabisa. Ilipovuka mstari, Onésime alirusha kofia, na watu wakapiga makofi kuliko walivyompigia Florent.

Waliteremka njia ya kurudi, gari mikononi mwa Onésime kama mtoto wa kubatizwa. Alijikaza, akajikaza, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Charline, na kartoni?"

Clarisse alikuwa anapangusa vumbi kwenye magoti ya kitenge. "Kartoni gani? Si umeona imepasuka," alisema. "Lakini visi ikirudi ndani ya sombe yangu, wewe ndiye utaenda Butembo."