Daftari la Mwendo wa Polepole

Wivu wangu una umri sawa na wa mdogo wangu. Alizaliwa nikiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza Baba anamtazama kwa jicho gani.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kalenga, na Kiingereza alikipenda kupita kiasi. Jumapili tukitoka kanisani hakutuacha tukimbilie nyumbani kama watoto wa wenzake. Alitaja neno moja la Kiingereza la mwendo wa taratibu, nasi tukalitembea. Akisema "trudge", tuliburuta miguu kama waliobeba magunia kupandisha kilima. Akisema "stroll", mikono ilienda nyuma na tukatembea kwa raha zetu. "Inch" ilikuwa kusogea kidole kwa kidole. "Shuffle" ilikuwa kusota bila kuinua nyayo, na hiyo Mama aliichukia kwa sababu ilimaliza soli. "Sneak" tuliipenda wote: kupita kimyakimya na jambo usilotaka lijulikane, kama ukitoka jikoni na nyama mfukoni. Siku nyingine mchezo uligeuzwa. Mmoja wetu alitembea, Baba akakisia neno, kisha akauliza, "Sawa au si sawa?" Hapo ilikuwa marufuku kudanganya.

Mimi niliyaandika maneno yote kwenye daftari la jalada gumu, na Baba akayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mdogo wangu hakuandika hata moja. Kidato cha nne alipata F ya Kiingereza, mimi nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa Kiingereza kama Baba, nikaolewa Mbeya. Daftari nililiacha kabatini kwa Baba. Sikuona nani mwingine angeweza kulitaka.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekuwa naye ni mdogo wangu, ambaye analima nyanya kando ya mto na hajawahi kuishi mbali na nyumba ile. Upande wa kulia wa Baba ulilegea na maneno yakawa yanamtoka vipandevipande. Mimi nilipiga simu kila siku, nikahesabu kuwa hiyo nayo ni kuuguza.

Shule zilipofungwa nilikwenda na fremu ya chuma ya kutembelea, nimeipakata njia nzima kutoka Mbeya. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nimfundishe Baba kutembea, halafu nimchukue akaishi kwangu. Nilitaka atembee kwa ajili yangu.

"Kamwene, Baba," nilimsalimu.

"Kamwene," akajibu, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Asubuhi yake niliisimamisha fremu uani. "Shika hapa, Baba. Inuka taratibu." Aliitazama kama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. "Nimechoka," akasema. Nilimbembeleza hadi jua likapanda, wapi. Kisha mdogo wangu akarudi kutoka bustanini, miguu ina tope, akanawa mikono, akakaa kizingitini na kufungua daftari. Daftari langu.

"Mwalimu," alimwita Baba. "Leo ni 'inch'."

Baba alisimama. Alishika ukuta kwa mkono mzima, akasogeza mguu kidogo, akapumua, akasogeza tena. Hatua tano.

"Vema," mdogo wangu akamwambia. Yeye, mwenye F!

Kesho yake alimtajia "crawl". Nikadakia: "Hilo si la mtu aliyesimama, mdogo wangu. 'Crawl' ni kutambaa, kama mtoto mchanga." Baba alikuwa ameshaanza. Alitua, akamtazama mdogo wangu, nami nikangoja amsahihishe. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunifutia ukurasa mzima kwa kosa la herufi moja.

"Mwache," akaniambia mimi. Akaendelea kutembea.

Tukiosha vyombo mdogo wangu akasema, "Dada, mimi maana zake sizijui kabisa. Namtajia tu, yeye ndo ananifundisha kwa miguu. Si unaona anavyofurahi kupata mwanafunzi?"

Nilipaswa kuelewa pale pale. Badala yake niliumia zaidi. Niliumia kwamba hana kiburi, kwamba alinipisha kitandani kwake na kunichagulia nyanya nzuri nzuri za kuondoka nazo. Angekuwa mbaya ningepumua. Hata fremu yangu aliniomba ruhusa kwanza kabla ya kuanikia vitenge juu yake.

Siku ya kuondoka, asubuhi, mdogo wangu alikuwa anamwagilia. Na Baba tulikuwa tumeagana jana yake. Nilivua viatu, nikaingia chumbani kwake. Alikuwa amelala ameelekea ukuta, daftari liko kwenye stuli. Nililichukua nikalisokomeza kwenye mkoba chini ya khanga, nikatoka viatu mkononi. Nilijiambia ni langu, lina jina langu. Ni kweli, na haikunisaidia kitu.

Karibu na Mafinga basi lilikwama nyuma ya lori la mbao lililokuwa linapanda kwa shida, na nikalifungua daftari. Pembeni ya maneno yangu, chini ya wino mwekundu wa Baba, mdogo wangu alikuwa ameandika kwa penseli. Mbele ya "inch": hatua tatu, halafu hatua tano. Mbele ya "shuffle": hatua kumi na moja, kafika kwenye tanki la maji. Mbele ya "stroll" aliandika: bado.

Simu ikaita.

"Dada, umefika wapi?"

"Mafinga."

"Samahani nakusumbua. Daftari silioni, nimetafuta mpaka uvunguni. Na Baba hataki kuinuka, anasema anataka kuongea na wewe."

Nilisikia simu ikihamishwa, kisha pumzi yake.

"Asubuhi," Baba alisema. Akapumzika. "Nilikuwa macho."

Niliibana simu sikioni.

"Nikakisia. 'Sneak'." Alipumua tena. "Sawa, au si sawa?"

Abiria wa pembeni yangu alikuwa anamenya chungwa. Niligeukia dirishani.

"Sawa, Baba."

"Vema," akasema.

Sikumbuki mara ya mwisho kuipata hiyo "vema" kwake. Labda nilikuwa bado msichana. Nilianza kulia na mtu wa machungwa akaacha kumenya.

Mdogo wangu akachukua simu. "Amekwambia nini, dada? Mbona anacheka?"

"Daftari ninalo mimi," nikamwambia. "Sikulibeba kwa bahati mbaya. Nimeliiba."

Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni na sauti ya Baba ikiguna.

"Basi soma, dada," akasema. "Ameshasimama."

Nikasoma. Na hata hapo, nakiri, nilimwonea wivu aliyekuwa amemshika mkono.