Kisanduku Kilicholia Kabla ya Msiba

Mkwe wangu nilimfukuza mimi, kwa mdomo wangu na kwa mikono yangu, na sababu niliyoitoa ilikuwa kisanduku cha sola. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akanihurumia njiani.

Mwanangu alifia barabarani, lori la mahindi lilipopinduka kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Akaacha mjane na mtoto wa kike wa miaka sita. Mjane alikuwa Msukuma wa Mtowisa, kule bondeni, wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kwao kaskazini. Mimi ni Mfipa wa huku juu, Malangali, na tangu siku ya posa sikumtaka. Alikuwa mrefu mno, anacheka kwa sauti, na ugali wa ulezi akiusonga unabaki na mabonge. Mwanangu alimpenda, basi nikanyamaza. Mwanangu alipokufa sikuona tena sababu ya kunyamaza. Matanga yalipoisha ndugu wa marehemu mume wangu wakasema mjane akae amlee mtoto, nyumba ni ya mumewe. Wakaenda zao. Kukaa kwake kukabaki mikononi mwangu.

Miaka ile kila mtu alikuwa ameruhusiwa kufanya biashara anayoitaka. Ushirika ulishakufa, maduka yamejaa vitu vya nje, na mashine za kusaga zikawa za watu binafsi. Chini ya mtaa wetu zilikuwa tatu, za mwenyewe mmoja, kwenye transfoma moja na sisi. Baba mzazi wa mkwe wangu akauza madume mawili ya ng'ombe, akamnunulia binti yake paneli nne, betri na inveta, zikapanda huku juu na lori la mpunga. Mkwe wangu akaanza kutotolesha vifaranga. Sanduku la mayai alilipiga mwenyewe kwa mbao zilizobaki za dari, ndani akafunga taa za kutoa joto. Kwa baridi yetu ya Juni, taa zile zikizimika muda mrefu, mayai yote ni ya kutupa.

Fundi alimuunganishia sola pamoja na umeme wa nguzo. Jua likiwaka anatumia jua, mawingu yakija umeme wa nguzo unasaidia. Inveta yenyewe ni kisanduku cheupe ukutani, kama redio isiyo na spika. Umeme wa nguzo ukija mkubwa kupita kiasi kinaukataa. Kinawasha taa nyekundu, kinalia ti, ti, ti, kinahamia kwenye betri, na betri ilikuwa imeshachoka, haikai hata nusu saa. Haya yote mkwe wangu alinieleza vizuri, amesimama, mikono nyuma. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mbuzi wa jirani.

Sasa kwetu, akifa mtu mtaani, mashine za kusaga zinazimwa mpaka maziko. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ni heshima tu. Huwezi kumlilia mtu huku unga unasagwa. Na taarifa ya msiba hupelekwa mashineni kwanza, kwa kuwa ndiko wanawake walikopanga foleni na ndoo zao. Kutoka pale ndipo inapanda nyumba kwa nyumba. Nyumba yangu ni ya mwisho juu. Mpaka habari inifikie mimi, kule chini wameshaanza kukusanya kuni.

Mara ya kwanza kisanduku kililia asubuhi, na baadaye kidogo balozi wa nyumba kumi akaja kusema mzee fulani amefariki. Mara ya pili kikalia, nikatega sikio, kweli, mwanamke amekufa kwa uzazi. Nikamwita mkwe wangu.

"Kinalia kwanza, halafu tunaambiwa mtu amekufa."

"Kinalia umeme ukiwa mkubwa, mama."

"Na umeme unakuwa mkubwa mtu akifa?"

Akafikiri. "Hapo sijui, mama. Lakini hata Jumapili kinalia. Jumapili iliyopita kililia mpaka watu wakatoka misa. Nani alikufa?"

"Wewe ndiye hujatuambia bado," nikasema.

Jibu lote lilikuwa hapo, maana Jumapili mashine hazisagi. Lakini mimi Jumapili sikuzihesabu. Kililia mara nyingi pasipo mtu kufa, nazo sikuzihesabu. Nilihesabu zile nilizozitaka.

Msiba wa tatu ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili, homa. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikasema, na sikunong'ona:

"Mimi nilijua mapema. Kisanduku cha yule kililia."

"Cha nani?"

"Cha mwenye vifaranga."

Mama wa marehemu akainua kichwa. Nilimwona akikiinua, na sikunyamaza. Nikaeleza na wa kwanza, na wa pili.

Baada ya hapo hakuna aliyenunua kifaranga. Mama mmoja aliyekuwa amenunua kumi alivirudisha kwenye boksi, akaviweka mlangoni, akaondoka bila hodi. Sokoni wanawake wakawa wanamuuliza mkwe wangu, "Wewe wa bondeni, leo zamu ya nani?" Naye anajibu, "Muulizeni mama, ndiye anayehesabu." Nililetewa jibu hilo hata kabla hajafika nyumbani.

Ndipo nikamtolea vyombo nje. Nilichagua asubuhi, watu wakipita kwenda mashambani, waone. Godoro, sufuria, ndoo, madaftari ya mtoto. Mayai yalikuwa na siku kumi na nane, zimebaki tatu yatotoe.

"Mama, nipe siku hizi tatu tu. Yakishatotoa nitaondoka mwenyewe."

Nikachomoa waya. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya lile sanduku la mayai mpaka taa zikapoa. Mjukuu wangu akaja akasimama karibu.

"Bibi, ndani wana baridi."

"Nenda kamshike mama yako mkono," nikamwambia.

Mkwe wangu akasema paneli ni za baba yake. Nikasema basi baba yake aje azishushe.  Akajitwisha godoro, mtoto akabeba ndoo, wakashuka kuelekea stendi. Watu waliokuwa wakipita walipita upande wa pili wa njia.

Kisanduku kikaendelea kulia. Mwenyewe hayupo, kinalia, na balozi anakuja. Kwanza nilisema ameacha dawa ndani yake. Nikamwita fundi mwingine, mtu wa Mbeya, mtu mzima, nikamwambia akitoe ukutani akakitupe. Siku hiyo kulikuwa na maziko na kisanduku kilikuwa kinalia tangu asubuhi. Fundi hakukigusa. Akatoa kipimo chake, akachomeka kwenye soketi.

"Bibi, umeme wako uko volti mia mbili na themanini na kitu. Unatakiwa usifike huko kabisa. Hiki kisanduku kinakusaidia, kinakataa sumu."

"Kinalia kwa sababu mtu amekufa."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

Tukiwa hapo hapo, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Kule chini mashine ya kwanza ikawashwa. Namba kwenye kipimo ikashuka. Ya pili ikawashwa, ikashuka tena. Ya tatu ilipoanza kusaga, kisanduku kikanyamaza, kikawasha taa ya kijani.

"Umeona, bibi? Mashine zile zinakula umeme mwingi. Zikizimwa, unapanda juu kwenu wote. Transfoma imewekwa itoe umeme mkubwa mno. Wakija wakiipunguza, imekwisha."

"Kwa hiyo si mtu."

"Mtu gani?"

 Nikashuka kwa mwenye mashine, nikamkuta amesimama mlangoni, unga mpaka kwenye kope. Nikamuuliza kama anajua kwamba akizima mashine zake umeme unapanda.

"Najua. Nikizima zote, taa za nyumbani kwangu zinapasuka. Nimeshabadilisha nyingi."

"Na mbona hukusema, wakati watu wanamsema mkwe wangu?"

"Ungeniuliza ningekujibu. Wewe hukuuliza, mama. Wewe ulitangaza."

Fundi akanipeleka ofisini kwa watu wa umeme. Walikuja, mmoja akapanda kwenye transfoma, akageuza alichogeuza, akashuka. Hawakumaliza hata nusu asubuhi. Baada ya hapo kisanduku hakikulia tena, msiba uwepo usiwepo.

Nikapanda lori, nikashuka Mtowisa. Joto la kule lilinikuta na sweta. Mkwe wangu alikuwa uani kwa baba yake anapepeta mpunga. Akaacha ungo, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanipikia wali na samaki wa ziwani. Akaninawisha mikono mwenyewe. Nilikula, nilikuwa na njaa. Mjukuu wangu alinisalimia akiwa nyuma ya mlango, hakutoka. Nilipomaliza nikamweleza yote, mashine, transfoma, namba kwenye kipimo cha fundi. Alisikiliza bila kunikatiza, kama zamani nilivyokuwa nikitaka asikilize.

"Baba amenikataza nisikutukane," akasema. "Kwa hiyo sitakutukana."

"Rudi nyumbani. Nyumba ni ya mumeo."

"Mama, mtoto wangu shuleni wanamwita Kisanduku. Hapa, Mtowisa. Habari ilipanda lori ikafika kabla yangu. Wewe uliisema msibani, mbele ya watu. Kaifute msibani, mbele ya watu wale wale."

"Nikishaifuta utarudi?"

"Wakikuamini, nitarudi."

Msiba uliofuata mtaani ulikuwa wa mzee wa chini, karibu na mashine. Baada ya maziko, matangazo yalipokuwa yanatolewa, nikaomba nafasi. Nilisimama kati ya wanaume na wanawake. Nikasema nilimsingizia mkwe wangu. Nikasema kisanduku kilikuwa kinalia kwa sababu mashine zimezimwa na umeme umepanda, kwamba nimeona kwa macho yangu, kwamba yule mwanamke hana kosa na mimi ndiye mwenye kosa. Sijawahi kusema maneno hayo maishani, na niliyasema kwa sauti ile ile niliyotumia mkekani.

 Halafu mwanamke mmoja akauliza, kwa upole tu:

"Bibi, wiki ile hukuonekana. Ulisafiri?"

"Nilikwenda Mtowisa."

"Kwa yule?"

"Kwa mkwe wangu."

"Ulikula?"

"Wali na samaki."

"Aa," wakasema, wengi kwa pamoja.

Mama wa yule mtoto wa darasa la pili akasema, "Alipoondoka hapa alikuwa na akili zake. Amelishwa, amerudi anatuambia vifo vya watoto wetu ni habari ya mashine za kusaga."

"Muulizeni mwenye mashine," nikasema. "Yupo pale. Anajua."

Wakageuka. Mwenye mashine alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Wateja wake wote walikuwa wamekaa pale.

"Mimi kazi yangu ni kusaga," akasema. "Mambo ya umeme siyajui."

"Na hicho kisanduku," akauliza mwanamke mwingine, "siku hizi mbona hakilii?"

"Umeme umepunguzwa."

"Au kimepata mwenyewe mwingine."

Hakuna aliyecheka. Walinitazama mimi, mwanamke mzee, mjane, ninayekaa peke yangu nyumba ya mwisho juu, na nikaona wanafikiri. Nilikijua vizuri kile walichokuwa wanakifikiri, maana niliwafundisha mimi.

Nilipanda bati na fundi, tukashusha paneli zote nne. Nikazifunga kwa magunia pamoja na inveta na betri, nikazipeleka Mtowisa na lori. Dereva alirudi akasema vimepokelewa. Nikamuuliza kama nimetumiwa neno. Akasema hapana.

Asubuhi nikienda bombani wanawake wananipisha foleni yote. Nachota wa kwanza. Wananiamkia vizuri, shikamoo bibi, na hakuna anayesogeza ndoo yake mpaka niwe nimeshafika mbali.