Hitima za Msimu wa Karafuu

Jumatatu nilikuwa afisi ya chama cha wenye mashamba ya karafuu, hapa Chake Chake. Chama hiki kina nguvu, hata mudiri, mkuu wetu wa serikali, hukisikiliza. Mwanzo wa msimu kilipiga marufuku kuwapikia wachumaji pilau, maana kila tajiri alikuwa akiwavuta wachumaji wa mwenzake kwa sufuria.

Tangu siku hiyo matajiri wameshika dini. Kila shamba lina hitima ya marehemu fulani, na hitima haisomwi bila ya pilau. Sijapata kuona watu wakiwakumbuka wazazi wao namna hii.

Sasa bwana mmoja mwenye shamba Pujini, karafuu zake zinachanua mtini hazina wa kuzichuma, alisimama mbele ya mwenyekiti, bakora mkononi.

"Jana umesomesha hitima, Shehe. Ya nani?"

"Ya baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu," alijibu mwenyekiti.

"Baba yako si yule?"

Tukageuka sote. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, anachokonoa meno.

"Aliniomba ruhusa, nikampa," alisema mzee. "Pilau ilikuwa nzuri, ila nyama kidogo."

Mwenyekiti hakupepesa macho. Alimwamuru karani aandike azimio: kuanzia leo, hitima ni ya waliokufa tu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe dirishani alikuwa amesimama bibi mmoja mchumaji, pakacha kichwani, na wenziwe nyuma yake.

"Samahani, mabwana," alisema kwa adabu. "Kesho hitima ya nani? Tujue shamba la kwenda."